Kishikio cha Kioo na Pumzi ya Fundi

Kwa karne nyingi vyombo vya kioo vilizaliwa kwa pumzi. Fundi alichota uji wa kioo tanurini kwa ncha ya bomba, akapuliza, akazungusha, hata umbo likajitokeza.

Huko Marekani, mashine iliyokuja kuipokonya pumzi kazi yake haikuanza na bilauri wala taa, bali na kishikio cha saraka. Tarehe 9 Septemba 1825, John P. Bakewell wa Pittsburgh alipewa hataza ya kutengeneza vishikio vya samani kwa kukandamiza kioo. Mwaka 1826, Whitney na Robinson wa New England Glass Company, Massachusetts, nao wakapata yao.

Kishikio kilifaa kwa kuwa ni kidogo na hakina uvungu. Donge la kioo cha moto lilitiwa katika kalibu, wenzo ukashushwa, na ua zima likachapwa kwa mara moja. Vilitoka vyeupe kama maji, vya buluu, na vingine vyenye mng'ao wa lulu.

Wapulizaji walitambua upesi kwamba riziki yao imeguswa. Deming Jarves, mwanzilishi wa kiwanda cha Sandwich, alisimulia kwamba alipofaulu kukandamiza kioo walitishia kumuua, akajificha wiki sita.

Hasira haikuzuia wenzo. Kioo kilishuka bei, kikaingia nyumba za watu wa kawaida. Vishikio hivyo vingali kwenye makabati ya kale: vizuri, imara, wala hakuna pumzi ya mtu ndani yake.