Programu ya kati

programu ya kati (nm, ngeli ya i-/zi-, wingi: programu za kati). Programu ya kompyuta inayokaa baina ya mfumo endeshi na programu tumizi, au baina ya mifumo miwili isiyofahamiana, ikapokea ujumbe wa upande mmoja, ikauhifadhi, ikaugeuza umbo inapolazimu, kisha ikaufikisha upande wa pili.

Istilahi hii haijatulia. Baadhi ya waandishi huandika *programu-kati* kwa kistari, wengine *programu unganishi*. Umbo lenye kiunganifu cha *-a* ndilo linalopendekezwa hapa, kwa kuwa linafuata muundo ambao lugha imekwisha kuuzoea katika *shule ya kati* na *Reli ya Kati*. *Programu unganishi* ina kasoro ya kimaana: huonesha kazi moja tu, ilhali programu ya aina hii huunganisha, hutunza, hulinda na hata husubiri. Kulifananisha jambo hili na dalali, kama wafanyavyo baadhi ya walimu wa kompyuta, nako hakufai. Dalali ana maslahi katika biashara anayoisimamia. Mkalimani wa mahakamani ndiye mfano ulio karibu zaidi, hasa yule anayeandika kila neno kabla ya kulitamka.

Mtandao, mfumo na kilicho katikati. Haja ya neno hili huonekana wazi kwenye madirisha ya huduma kuliko vitabuni. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda, na huduma nyingi za mamlaka za umma mkoani humo, kama kwingineko nchini, hulipiwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo yenye tarakimu 12. Namba hiyo hutolewa kupitia GePG, mfumo wa malipo ya Serikali ulioanza kutumika mwaka 2017. Mfumo wa taasisi huandaa ankara na kuituma. GePG huipokea, huipa namba na kuirudisha. Benki au kampuni ya simu hupokea fedha na kutoa taarifa. Taarifa hiyo husafiri tena hadi kwenye taasisi. Kwa mlipaji hilo ni tendo moja. Kwa mashine ni mazungumzo ya pande tatu au nne, na lolote kati yake laweza kukwama.

Linapokwama, sentensi inayosikika ni moja: «Mtandao hakuna.» Mtu aliyetoka Karema au Mishamo kwa nauli ya kuazima huitazama simu yake, huona mtandao upo, pengine amekwisha kutuma fedha kwa ndugu yake akiwa amesimama papo hapo foleni. Anachohitimisha ni kwamba karani anamficha jambo, au anangoja kupewa chochote. Karani naye hakusema uongo. Alitumia neno pekee alilokuwa nalo. Madhara huendelea hadi kwa fundi, kwani anayeambiwa *mtandao* hukimbilia waya na mnara, huku tatizo likiwa ni ujumbe uliolala ndani ya seva iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo.

Maneno matatu yafaa yatenganishwe. *Mtandao* ni njia ya mawasiliano. *Mfumo* ni programu tumizi anayoiona karani pamoja na kanuni na kumbukumbu zake. *Programu ya kati* ni kile kinachobeba maneno baina ya mfumo na mfumo. Si lazima mlipaji atajiwe istilahi. Sentensi kama «Mtandao upo, ankara imetumwa, majibu hayajarudi» ni Kiswahili chepesi, ni kweli, na humwezesha kuamua kama angoje au arudi kesho.

Jamaa wa karibu wa neno hili ni *foleni ya ujumbe*. Hapa *foleni* haina dhana ya kero kama ile ya dirishani. Ni ghala: ujumbe huwekwa humo upande wa pili ukiwa umezimika, ukafikishwa utakapoamka. Katika mkoa ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli kwa umeme wake, manufaa ya ghala la namna hiyo hayahitaji maelezo marefu.

Huria, wazi, bure. Programu za kati zilizoenea sana katika lugha ya programu ya Java, kama vile Tomcat, WildFly na Apache Camel, ni *programu huria*: msimbo wake husomeka, hurekebishika na kugawika kwa mujibu wa leseni. *Huria* si *bure*. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoza ada, na hakuna mwanafunzi anayeona jina lake linamdanganya. Halmashauri inayochukua programu huria hailipii leseni, lakini italipia seva, umeme na, zaidi ya yote, mtu anayeijua. *Chanzo wazi* inakubalika, ila *wazi* huweza kumtia hofu msomaji, akadhani kwamba taarifa za wagonjwa zimeachwa wazi. Kilichohuriwa ni msimbo, si taarifa.

Java na Jakarta. Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni katika uwanja huu yalitokana na jina. Mkusanyiko wa viwango vya programu za kati za Java, uliozaliwa mwaka 1999 chini ya kampuni ya Sun, uliangukia kwa Oracle mwaka 2010. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuukabidhi kwa Eclipse Foundation, lakini haikukabidhi haki ya alama ya biashara ya neno *Java*. Jina jipya, Jakarta EE, lilipatikana kwa kura mwaka 2018. Walioukuza walizuiwa kuendeleza msimbo uliobeba kiambishi *javax*, hivyo katika toleo la 9, mwaka 2020, kila *javax* katika viwango hivyo iligeuzwa kuwa *jakarta*. Maana haikubadilika hata kidogo, lakini kila programu iliyoita jina la zamani iliacha kuitikiwa. Watu wa Mpanda, ambao waliwahi kuandika «Mkoa wa Rukwa» kwenye kila fomu na kila muhuri, wana mfano wao wa jambo hili, ila karani huelewa anwani ya kale, na mashine haielewi.

Athari yake inafika hadi zahanati. Takwimu za vitabu vya MTUHA huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kuandikwa kwa Java. Tomcat ya 9 hutambua *javax*. Tomcat ya 10 hutambua *jakarta*. Spring ya 6, iliyotoka Novemba 2022, ilifuata jina jipya na kudai Java ya 17 au zaidi. Fundi anayesasisha upande mmoja na kuuacha mwingine hupata mfumo usiowaka, na muuguzi aliyekwisha kujumlisha takwimu za mwezi hubaki na kitabu chake mkononi. Jakarta EE 11 ilitoka mwaka 2025, ikiwa na jina lile lile.

Tahadhari ya tafsiri. Katika fungu hili limo neno la Kiingereza linalofanana na *basi*, nalo hutajwa kwa herufi ya mwisho ya GovESB, mfumo wa Mamlaka ya Serikali Mtandao wa kubadilishana taarifa baina ya taasisi. *Basi la huduma* ni tafsiri ya kukwepa. Msomaji wa Mpanda atafikiria gari la Tabora. *Njia kuu ya huduma* inatosha.

Upatanisho wa kisarufi. *Programu hii ya kati imekwama. Programu hizi za kati zimekwama.* Umbo *maprogramu* husikika katika mazungumzo, lakini halifai katika maandishi rasmi. *Seva* nayo hubaki katika i-/zi-: *seva imezimika*, si *seva limezimika*.