Karatasi ya Nahodha: Leseni na Biashara ya Bahari katika Pwani Yetu

Jioni ya leo, adhana ya Magharibi ikilia na wewe ukinyoosha mkono kuchukua tende, hebu itazame kidogo kabla hujaila. Tende hiyo haikuota Kongowea. Imevuka bahari, na ili ikufikie hapo kwenye sahani kuna mtu alijaza karatasi, akalipa ushuru, akapigiwa muhuri. Vijana wengi wetu sasa wanataka kuwa huyo mtu. Mmoja anataka kuleta mabuibui kutoka Dubai, mwengine anataka kupeleka maembe ng'ambo. Na swali la kwanza wanalouliza ni lilelile: leseni napata wapi?

Swali hili si geni pwani hii. Limeulizwa kwa zaidi ya miaka mia tano, na waliolijibu walikuwa wengi, kila mmoja na muhuri wake.

Kabla ya Wareno, bahari ilikuwa na wenyeji wake na ada zake. Jahazi zilishuka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, zikarudi na kusi zikibeba pembe, ambari na boriti. Ushuru ulikuwepo, tusidanganyane. Mfalme wa mji alichukua haki yake pale forodhani, na mara nyengine alichukua nyingi. Lakini hakuna aliyedai kwamba maji yenyewe ni yake. Mtu wa Kilwa hakuhitaji ruhusa ya mtu wa Malindi ili atweke tanga.

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Miaka michache tu baadaye Wareno walianza kutoa karatasi waliyoiita cartaz. Ilikuwa ni pasi ya chombo. Ndani yake iliandikwa jina la jahazi na la nahodha, silaha zilizomo, safari inaanzia wapi na inaishia wapi, na mali gani ni marufuku kupakiwa. Pilipili manga na viungo vyengine Wareno walijiwekea wenyewe. Jahazi ikikutwa baharini haina karatasi hiyo, mali ilichukuliwa, na watu wake walikuwa na bahati wakiachiwa roho zao.

Hapa pana jambo ambalo kijana wa biashara alielewe vizuri. Bei ya kuandikiwa cartaz yenyewe haikuwa kubwa. Ghali ilikuwa ni yale yaliyoandikwa ndani: lazima chombo kipitie kwenye ngome ya Mreno na kulipa ushuru pale, hata kama njia yako haikupitia huko. Wewe unakwenda zako kwa upepo mzuri, na karatasi inakuamuru upinde. Siku za msimu zinahesabika. Ukichelewa, upepo unageuka na mali inakulalia. Mwenye jahazi kumi aliweza kustahimili. Mwenye jahazi moja ya kukopa, je?

Na watu wa pwani walifanya nini? Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zilishambuliwa na kuporwa na meli za Francisco d'Almeida, na dhahabu ya Sofala ikawekwa chini ya ulinzi. Basi wafanyabiashara Waislamu walihama njia. Walijenga biashara yao Angoche, wakaingia bara kwa kupitia Zambezi, na dhahabu ikaendelea kutoka bila ya karatasi ya mtu. Mreno aliiita magendo. Wao waliiona ni biashara ileile ya baba zao. Sisemi hivi kumpa mtu hoja ya kupitisha mali usiku leo, la hasha. Nasema tu kwamba masharti yakizidi kimo cha mtu mdogo, hupita pembeni, na hili limeonekana kila zama.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, na Waomani waliiteka Disemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mombasa yenyewe iliingia mkononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Utaratibu wake ulikuwa mwengine kabisa. Serikali haikukaa forodhani kuhesabu magunia. Iliikodisha forodha nzima kwa tajiri mmoja, naye akamlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka. Maarufu wao alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Mkataba na Marekani wa 1833, na ule wa Uingereza wa 1839, uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa mali inayoteremshwa, basi. Hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni anaiweza. Lakini pembe na sandarusi za pwani ya Mrima ziliwekwa kando kwa raia wa Sultani, wageni wasiguse. Yaani hata pale palipokuwa na mlango wazi, palikuwa na chumba kimefungwa.

Katika miaka hiyohiyo ya karne ya 19 palizuka mchezo wa bendera. Waingereza walikuwa wakizipekua jahazi wakitafuta watumwa, na baadhi ya manahodha wa Sur, huko Oman, wakachukua karatasi na bendera za Ufaransa ili wasiguswe. Tuwe wakweli: wengine walikuwa wafanyabiashara waliochoka kusumbuliwa, na wengine walikuwa na dhulma ya kuficha. Kesi ilifika mpaka The Hague, ikaamuliwa Agosti 1905 kwamba Ufaransa haina ruhusa ya kuwagawia bendera yake watu ovyo. Karatasi ya jahazi ilizigombanisha dola mbili kubwa!

Ukoloni ulileta gati za maji marefu Kilindini mwaka 1926, na Bandari ya Kale ikabaki na jahazi zake. Uhuru ulipopatikana, serikali ilitaka biashara irudi mikononi mwa wananchi. Shirika la KNTC likaundwa 1965, na sheria ya leseni za biashara ya 1967 ikawazuia wasio raia katika maeneo na bidhaa fulani. Nia ilieleweka. Ila miaka ya sabini fedha za kigeni zilipoadimika, leseni ya kuagiza mali ikawa kitu chengine. Ulihitaji leseni, halafu ulihitaji kibali cha Benki Kuu cha kupata dola. Bila ya hivyo viwili, duka lako lilikuwa rafu tupu. Wazee wa Mji wa Kale bado wanasimulia habari za kungoja karatasi miezi, na za watu ambao biashara yao ilikuwa ni kuuza leseni, si mali. Na mwaka 1982 kusafirisha boriti za mikoko kukapigwa marufuku, ili kulinda misitu. Lamu iliumia, mzigo wa kurudi nao na kusi ulikuwa umeondoka.

Mlango ulifunguka 1993, leseni za kuagiza zilipoondolewa kwa bidhaa nyingi. Sheria ya kudhibiti fedha za kigeni nayo ikafutwa 1995, mwaka uleule KRA ilipoanza. Hapo ndipo mama zetu walipoanza safari za Dubai na mabegi makubwa.

Kwa hiyo, kijana, leo kwa mali nyingi za kawaida hakuna tena ile "leseni ya kuagiza" unayoisikia kwa wazee. Kuna kusajili jina la biashara, kuna PIN ya KRA, kibali cha kaunti, na fomu ya tamko la mali inayojazwa katika mfumo wa KenTrade. Mali nyingi hukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, utaratibu ulioanza 2005, na tende na mazao mengine ya mimea yana KEPHIS yake. Forodhani hausimami mwenyewe. Anakusimamia wakala mwenye leseni. Anayepeleka bidhaa za Afrika Mashariki kuvuka Namanga au Lungalunga, zisizozidi dola 2,000, anaandikiwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani. Wengi hawakijui, wanapita njia za panya na kunyang'anywa mali bure.

Mimi mwenyewe niliwahi kushirikiana na wenzangu wanne katika kontena ya mchanganyiko. Vitabu na kanzu zangu zilikuwa halali, karatasi zote ninazo. Mmoja wetu hakuwa na cheti cha ukaguzi cha mzigo wake. Kontena ikazuiwa nzima, gharama za kuhifadhi zikawa zinapanda kila siku, na wakala wetu akawa hashiki simu. Mwaka 2018 na 2019 wafanyabiashara wadogo wengi walikwama hivyohivyo, mpaka wakapiga kelele na utaratibu wa mizigo ya pamoja ukatazamwa upya.

Kanzu zangu zilitoka Shawwal, tarehe kumi na moja. Idd ilikwisha. Niliziuza mwaka uliofuata, na tangu hapo kabla sijatia mali yangu pamoja na ya mtu, namwambia: ndugu, nionyeshe kwanza karatasi zako.