Chupa za zambarau katika gome la mbuni

Huko Adumi, wilayani Arua, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, kuvu za vifuko hazitafutwi mbali. Kwenye vichuguu vilivyohamwa na mchwa, Xylaria huchomoza vidole vyeusi. Katika misitu ya Afrika Mashariki, Cookeina hukunjua vikombe vya waridi juu ya magogo yanayooza. Ndani ya maumbo hayo mna vifuko visivyoonekana kwa macho, na kwa kawaida kila kifuko hubeba spora nane. Kuvu nyingine za ukoo huo huzificha spora katika kijipira kilichofungwa pande zote. Nyingine huzihifadhi katika chupa yenye tundu moja shingoni.

Chupa ndizo zilizoiliza Uganda.

Kuvu mojawapo ya chupa husababisha mnyauko wa kahawa, ulioonekana kwanza mwaka 1927 katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1948 mtafiti Steyaert aliipa kuvu hiyo jina, Fusarium xylarioides. Miaka miwili baadaye watafiti Heim na Saccas walieleza umbo lake la uzazi, Gibberella xylarioides: vichupa vya zambarau iliyokolea, vilivyojibanza katika gome la mbuni unaokufa. Kwa hiyo shina lililokauka si kuni tu. Ni kitalu cha ugonjwa.

Mibuni iling'olewa na kuchomwa, aina sugu zikapandwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 wengi waliamini vita vimekwisha. La hasha. Ugonjwa uliibuka upya kaskazini mashariki mwa Kongo, na mwaka 1993 ukabainika Uganda. Majani hugeuka manjano na kupukutika, mbao chini ya gome huingia weusi wa bluu, na mti hufa bila tiba. Panga lililojeruhi mti mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa mzima. Kufikia 2002 karibu nusu ya kahawa ya robusta ya Uganda ilikuwa imeteketea. Kagera nako, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, wakulima walikuwa wakiujua mnyauko fuzari tangu miaka ya 1990.

Watafiti wa kahawa wa Kituza, Uganda, walichagua miche iliyostahimili, wakatoa aina za KR zinazopandwa hadi leo. Zombo, kusini mwa Arua, hulima arabika, na kuvu iliyoangamiza robusta ya Uganda haiishambulii. Ile inayoua arabika iko Ethiopia.