Neno "Usanisinuru" na Kazi ya Jani

Mwenyeji wa Ndagoni, katika kisiwa cha Mafia, hahitaji kamusi ili aitaje mikoko. Anao mkandaa, mchu, mlilana, msinzi na mkomafi, na kila jina humkumbusha kazi: huu ni wa boriti, huu wa mataruma ya jahazi, na ule ganda lake hutoa rangi ya kutilia ngozi. Lakini lugha iliyoitaja miti hiyo kwa uhodari haikuwa na jina la jambo linalotendeka ndani ya jani lake. Upungufu huo haukuwa wa Kiswahili peke yake.

Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu Mholanzi aliyefanya majaribio yake Uingereza, alionyesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zinapopigwa na jua tu. Mwaka 1804 de Saussure wa Geneva akathibitisha kuwa maji nayo huingia katika uzito wa mmea. Hata hivyo, kwa muda mrefu katika karne ya 19 wataalamu waliliita jambo hilo kwa neno lilelile walilolitumia kwa mwili unaposharabu chakula. Ndipo mwaka 1893 Mmarekani Charles Barnes alipolalamika kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili. Alipendekeza maneno mawili yenye asili ya Kigiriki, fotosintaksi na fotosinthesisi, naye mwenyewe akalipenda la kwanza. Wenzake wakalichukua la pili. Msomaji aliyewahi kuketi katika kamati ya istilahi hatashangaa.

Kwetu, Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mwalimu aliweza kusema kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa jua. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini sentensi haiwezi kunyambuliwa, wala haikai vizuri katika faharasa. "Usanisinuru" liliitimiza haja hiyo: usanisi, yaani kujenga kitu changamani kutokana na vitu sahili, na nuru inayouwezesha ujenzi huo. Wako wanaoona kwamba "nuru" lina harufu ya mimbari na kwamba "mwanga" lingetosha. Mimi naliona limekaa mahali pake, kwa kuwa ni fupi na hutamkika bila kujikwaa.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hata Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilizikuta shule za sekondari zikifundisha sayansi kwa Kiingereza. Mtoto wa Ndagoni hujifunza usanisinuru katika shule ya msingi, kisha huliacha neno hilo langoni mwa sekondari.

Hasara yake huonekana katika nusu ya pili ya jambo lenyewe, ambayo jina "usanisinuru" haliigusi. Nuru hupasua maji na kutoa oksijeni. Lakini hewa ukaa hugeuzwa kuwa sukari kwa hatua nyingine, ambazo hazitumii nuru moja kwa moja. Njia hiyo ilifuatiliwa huko Berkeley, Marekani, na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham, waliowalisha mwani kaboni 14 yenye mnururisho, kisha wakaua mwani huo baada ya sekunde chache ili waone kaboni imefika wapi. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1961, peke yake. Kimeng'enya kinachoifanya kazi hiyo, rubisko, huiunganisha molekuli ya hewa ukaa na sukari yenye kaboni tano, kisha zikapatikana molekuli mbili zenye kaboni tatu kila moja. Jina hilo la rubisko lilizuliwa mwaka 1979 kwa mzaha, likakubaliwa.

Tendo hilo tuliite nini? Magazeti husema miti "hufyonza" hewa ukaa. Kufyonza ni kuingiza tu, na sehemu kubwa ya kinachoingia hurudi hewani mmea unapopumua. Napendekeza "ufungamanishaji wa kaboni" kwa kazi ya rubisko, na "ulimbikizaji" kwa kile kinachosalia katika shina, mizizi na tope.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni, na mikoko ni miongoni mwa misitu inayotajwa sana katika biashara hiyo. Mkataba ukiandikwa kwamba kijiji kitalipwa kwa kaboni "iliyofyonzwa", mfasiri awaulize waliouandika: ni ile iliyoingia jani mchana, au ile iliyobaki? Katika mikoko, sehemu kubwa ya iliyobaki haiko mtini. Imo topeni, ambako maji chumvi na ukosefu wa oksijeni huchelewesha kuoza, nayo huanza kurudi hewani tope hilo likifukuliwa.