Waunga Mifupa wa Buha

Mwaka 1895, mjini Davenport, Marekani, Daniel David Palmer alimbinya mtu mgongo, na baadaye tiba ya kunyoosha uti ikapata jina. Watu wa Kasulu na Kibondo, huko Buha nchini Tanzania, hawakumngoja. Kabla ya hospitali za misheni kama Kabanga, Muha aliyeteguka alipelekwa kwa mganga wa mifupa, akanyooshwa kwa mikono na kufungwa mabanzi ya miti.

Ustadi huo ni wa kweli, na madhara pia. Banzi likikazwa mno, damu haipiti. Kiungo huoza, kikakatwa. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, mshipa unaweza kuchanika na kuleta kiharusi, hata mikononi mwa mwenye cheti.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe. Ukipata ganzi baada ya kunyooshwa, wahi hospitali mara moja.