Kutoka Moduli Mojamoja hadi Kifurushi: Historia Fupi ya OpenMRS Afrika Mashariki na Maana Yake kwa Nkwenda

Historia ya kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa katika Afrika Mashariki huelezwa zaidi kama historia ya kompyuta kufika vituoni. Insha hii inajenga hoja kwamba hatua nyingine ilikuwa na uzito zaidi: moduli nyingi zinazohusiana zilipofungwa pamoja katika kifurushi kimoja, mzigo wa kuzipatanisha ulihama kutoka kituoni hadi ngazi ya taifa.

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia hifadhidata iliyojengwa kwa Microsoft Access. Huduma za VVU zilipopanuka chini ya mpango wa AMPATH wa Eldoret, hifadhidata ya namna hiyo haikutosha tena. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, Marekani, walianzisha OpenMRS, mfumo unaotumika kupitia kivinjari. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na pia Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Kiini chake kilihifadhi mambo ya msingi: mgonjwa, mahudhurio yake, matokeo ya uchunguzi na kamusi ya dhana za kitabibu. Fomu, ripoti na mahitaji mengine yaliongezwa kwa moduli, kila moja ikiwa faili lenye tamati ya .omod.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Moduli moja hutegemea nyingine, tena ya toleo mahususi; kubadilisha moja kwaweza kuzuia nyingine kufanya kazi. Kituo chenye mtaalamu kiliweza kulitatua tatizo hilo. Kisicho naye kilikwama.

KenyaEMR, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2012, ilikusanya moduli ambazo matoleo yake yalikwisha kujaribiwa pamoja, zikasambazwa kama kitu kimoja. Jumuiya ya OpenMRS nayo ilitoa kifurushi chake cha mfano, na UgandaEMR ikajengwa kwa utaratibu huohuo. Kituo kilipata uthabiti, lakini mabadiliko yakawa ya kusubiri toleo jipya kutoka juu.

Kata ya Nkwenda inaonyesha mpaka wa mafanikio hayo. Imo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na kupakana na Rwanda na Uganda. Wakati majirani hao walijenga juu ya OpenMRS, kliniki za tiba na matunzo za Tanzania zilitumia CTC2, hifadhidata iliyojengwa kwa Access. Mgonjwa anayevuka mpaka huo hutoka katika mpangilio mmoja wa kumbukumbu na kuingia katika mwingine. Kifurushi hupatanisha moduli na moduli ndani ya mfumo mmoja. Hakipatanishi taifa na taifa. Kazi hiyo huhitaji makubaliano ya serikali kuhusu utambulisho wa mgonjwa na dhana za kitabibu, na uhaba wake huwaelemea kwanza wakazi wa mipakani.