Kutoka Kamirithu hadi Nakuru: Jukwaa la Kenya na Wenye Vibali

Mwezi Julai 1977 Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha, alizindua riwaya mpya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood. Kitabu hicho hakimsazi mtu. Kinawasuta waziwazi waliorithi mashamba na benki za mkoloni, wakawapa kisogo waliopigania uhuru. Hakikupigwa marufuku. Lakini tarehe 31 Desemba mwaka huohuo mwandishi yuleyule alikuwa mikononi mwa polisi, safari ikiwa ni ya Gereza la Kamiti. Mawazo yake yalikuwa hayajageuka. Waliogeuka ni watazamaji.

Riwaya ilikuwa kwa Kiingereza, na walioinunua walikuwa wasomi wachache. Kilichomtia Ngũgĩ matatani ni mchezo wa kuigiza kwa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walioucheza ni wakulima na vibarua wa Kamirithu, kijiji cha Limuru kilichoundwa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata na wachuma majani chai. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wanakijiji walikuja kutazama, wakasikiliza, wakawasahihisha watunzi: mzee haongei hivi, wimbo huu hauimbwi namna hiyo. Ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000 waliujenga wenyewe.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Kĩgũũnda, kibarua wa shambani, ana ekari moja na nusu ya ardhi, na hatimiliki yake ameitundika ukutani nyumbani kwake. Tajiri anayemwajiri anamshawishi afunge ndoa upya kanisani, ndoa ya heshima. Gharama zinamshinda, anachukua mkopo benki kwa dhamana ya ile hatimiliki. Mkopo haulipiki, shamba linapigwa mnada. Mtu wa Limuru aliyeketi pale hakuhitaji mhadhiri wa kumfafanulia. Karatasi kama ile alikuwa nayo nyumbani, au jirani yake alikuwa amekwisha kuipoteza.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa, sababu iliyotolewa ikiwa ni usalama wa umma. Hapo ndipo inapofaa kusimama kidogo, maana mtindo uliotumika siku ile haujaachwa mpaka leo. Serikali haikumshtaki mtu kwa uchochezi wala haikumwonyesha jaji sentensi hata moja ya mswada. Ofisa wa wilaya aliondoa kibali, basi, mchezo ukafa. Hata Ngũgĩ alipokamatwa hakupelekwa kortini. Aliwekwa kizuizini chini ya Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, amri ikiwa imetiwa saini na Daniel arap Moi, Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani. Aliachiliwa Desemba 1978, baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta. Kosa lake halikutajwa mahakamani hata siku moja.

Kesi ina adha zake, lakini ina faida moja: mshtaki analazimika kuonyesha neno lenye hatia na kueleza ubaya wake. Kibali hakimdai mtu maelezo. Ndiyo maana watawala wamekipenda.

Mwaka 1982 hata jibu la hapana halikutolewa. Kikundi cha Kamirithu kilikuwa kimetayarisha mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kikaomba leseni ya kuuonyesha katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, ule uliofunguliwa 1952 enzi za mkoloni. Ombi halikujibiwa. Siku ilipofika, wasanii walikuta milango imefungwa. Wakahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi na watu wakamiminika kwa maelfu kutazama mazoezi tu, mpaka nako wakafungiwa. Machi mwaka huohuo serikali ikafuta usajili wa kituo cha Kamirithu, na polisi wakaubomoa ule ukumbi wa wazi. Juni Ngũgĩ alikuwa London, na hakukanyaga tena ardhi ya Kenya hadi 2004. Alamin Mazrui, aliyekuwa amechapisha tamthilia ya Kiswahili Kilio cha Haki mwaka uliotangulia, naye aliwekwa kizuizini 1982.

Si kila mtunzi aliguswa. Francis Imbuga aliitunga Betrayal in the City akiiweka katika nchi ya kubuni iitwayo Kafira, akapita. Mchezo huo ulikwenda hadi Lagos kwenye tamasha la FESTAC 1977, na baadaye wanafunzi wa shule za upili wakatahiniwa juu yake. Siamini kwamba wakubwa hawakuijua Kafira ni wapi. Waliijua, ila waliona heri ibaki kitabuni na kwa Kiingereza.

Katiba ya 2010 ilikuja kuandika haki ya msanii kwa maneno ya wazi. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na papo hapo kinaweka mipaka: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Mipaka hiyo ni halali, na baada ya damu iliyomwagika 2007 na 2008 kufuatia uchaguzi ningeitetea mbele ya yeyote. Swali ni nani anayeipima, na lini.

Jibu la kwanza kubwa kwa upande wa jukwaa lilipatikana 2013. Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na mchezo wa Cleophas Malala, Shackles of Doom, kuhusu jamii iliyogunduliwa mafuta katika ardhi yake na wageni wanaoyanyemelea. Ukapigwa marufuku kwa madai ya ukabila. Okiya Omtatah, mwanaharakati ambaye naye ni mtunzi wa tamthilia, alikwenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaamuru uchezwe. Wasichana wakaucheza Mombasa, kwenye tamasha la kitaifa. Nchi haikuwaka moto.

Kwa upande wa filamu mambo yalikwenda kombo. Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha la Cannes, ilipigwa marufuku 2018 kwa kutumia Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa 1962 kabla hata bendera ya Mwingereza haijashushwa. Mwaka huo mahakama iliilegeza marufuku kwa siku 7 tu.

Kisha ikaja Aprili 2025. Shule ileile ya Butere, mtunzi yuleyule, mchezo mpya: Echoes of War, unaohusu vijana waliopoteza imani na watawala wao katika nchi ya kubuni. Mara hii amri ya Mahakama Kuu ya kuruhusu mchezo ilikuwa tayari imetolewa. Malala alikamatwa alipokuwa akienda kufanya mazoezi na wanafunzi. Asubuhi ya tarehe 10, kwenye tamasha la kitaifa mjini Nakuru, polisi walirusha vitoa machozi kutawanya umati uliokuja kutazama. Wasichana waliingia jukwaani bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka wakapanda basi. Mei 28 mwaka huohuo Ngũgĩ akafariki Marekani.

Tofauti ya 1977 na 2025 inauma. Kamirithu haikuwa na mahakama ya kuikimbilia. Butere ilikuwa nayo, amri ikatoka, na bado haikucheza. Anayeamini kwamba mchezo umevuka mipaka ya Kifungu cha 33 achukue mswada aupeleke kwa jaji, aonyeshe mstari wenye kosa. Jaji akiisharuhusu, kazi ya polisi ni kulinda mlango ili watoto wacheze, na Wizara ya Elimu inadaiwa na wasichana wa Butere onyesho lao.